Bei ya Nyama Huanzia Malishoni

Wahenga walisema: mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Maneno hayo yanastahili kukumbukwa kila inapotazamwa hali ya chakula katika nchi jirani ya Kenya kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mpaka mwanzoni mwa mwaka 2023. Katika kipindi hicho mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo katika kaunti kavu za kaskazini na mashariki ya nchi hiyo. Ukame wa namna hiyo haukuwa umeonekana kwa muda wa miaka 40. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la taifa. Mpaka mvua ziliporudi, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa, na watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wakihitaji kusaidiwa chakula.

Katika miaka hiyo masoko mawili ya Kenya yalisimulia habari mbili zilizoonekana kupingana. Katika mnada wa mifugo wa Marsabit au Wajir, mfugaji alimfikisha ng'ombe aliyebaki ngozi na mifupa, akasimama naye juani kutwa nzima, na jioni akakubali bei yoyote aliyopewa, kwa sababu ng'ombe huyo asingeweza kurudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Katika bucha la Nairobi, mwendo wa kilomita zaidi ya 500 kutoka hapo, mama mwenye nyumba aliuliza bei ya kilo moja ya nyama, akanyamaza kidogo, kisha akaomba apimiwe robo. Mfugaji aliuza kwa hasara, na mlaji alinunua kwa ghali. Je, faida ilikwenda wapi?

Jibu la haraka ni kumtaja mlanguzi. Ni kweli kwamba walanguzi wapo, na kwamba dhiki ya wengi huwanenepesha. Lakini jibu hilo halitoshi. Sehemu kubwa ya thamani ya ng'ombe yule haikuibiwa na mtu yeyote, bali iliteketea kabla hajafika sokoni. Ng'ombe aliyekonda hutoa nyama kidogo, lakini lori linalombeba hunywa mafuta yale yale linayokunywa likibeba ng'ombe mnono. Dereva hulipwa ujira ule ule, na ushuru wa mnada na gharama za machinjio hazipungui kwa huruma ya mbavu zinazohesabika. Kwa hiyo gharama zote hugawanywa juu ya kilo chache za nyama, na mlaji ndiye anayezilipa.

Hali kadhalika, mtamba anapokufa kwa njaa, hasara yake si ya ng'ombe mmoja. Pamoja naye wamekufa ndama wa mwaka ujao, maziwa ya watoto, na maksai ambaye angechinjwa miaka minne baadaye. Ndiyo sababu mvua ikirudi, nyasi huota kwa majuma machache, lakini bei ya nyama haishuki kwa haraka hiyo. Mfugaji mwenye busara hukataa kuuza ili alijaze zizi lake upya. Kwa hakika, bei inayoandikwa kwa chaki katika ubao wa bucha huwa imekwisha kuanza kuandikwa malishoni, miezi mingi nyuma.

Juu ya pigo hilo la ukame likaongezeka pigo la pili. Mwezi Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani, na Kenya hununua sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Bei ya mbolea, ambayo ilikuwa imeanza kupanda tangu mwaka 2021, ikazidi kupaa, hata mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000 za Kenya. Mafuta ya kupikia, mafuta ya magari na chakula cha kuku na ng'ombe wa maziwa vyote vikafuata njia hiyo hiyo. Katikati ya mwaka 2022 pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200 za Kenya, na mwezi Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei ukafikia asilimia 9.6.

Watu wa kawaida walifanya nini? Walifanya yale ambayo watu wa kawaida hufanya siku zote: walifunga mkanda, tundu baada ya tundu. Katika mitaa ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, nyama ilianza kuondoka mezani kwa hatua. Kwanza ilihama kutoka siku za kazi ikabaki siku ya Jumapili. Kisha nyama yenyewe ikabadilishwa kwa utumbo, kwa mifupa ya supu, kwa vichwa na miguu ya kuku. Baadaye ikaja zamu ya omena, ambayo hapa Tanzania huitwa dagaa, na ya githeri, ambayo hapa ni makande. Mboga iitwayo sukuma wiki ikatimiza ahadi ya jina lake, yaani kuisukuma wiki mpaka ifike mwisho. Katika vibanda vya Kibera na mitaa mingine ya namna hiyo, akina mama waliendelea kupanda mboga katika magunia yaliyojazwa udongo, wakayapanga penye nafasi yoyote iliyobaki kati ya mlango na mfereji.

Dukani nako mambo yalibadilika. Mwenye kununua chupa ya lita ya mafuta alianza kununua ya kupima. Mwenye kununua pakiti ya kilo 2 ya unga aliomba nusu kilo, na sukari na majani ya chai vikauzwa katika vifuko visivyojaza kiganja. Wakenya wameupa ununuzi huo jina la kadogo. Kadogo humwezesha maskini kupika leo kwa fedha aliyopata leo. Lakini upo uchungu ndani yake ambao haukosi kutazamwa na mtu mwenye haki. Bidhaa inayopimwa kidogo kidogo mara nyingi huwa na bei kubwa zaidi kwa kilo au kwa lita kuliko ile inayonunuliwa kwa wingi. Kwa hiyo mwenye fedha hununua kwa nafuu, na asiye nayo hununua kwa ghali. Haba na haba, ambayo wahenga walisema hujaza kibaba, kwa mnunuzi wa kadogo huweza kukitoboa kibaba.

Mzigo huo haukugawanywa sawasawa hata ndani ya nyumba moja. Chakula kinapopungua, mama huwa wa mwisho kupakua na wa kwanza kusema kwamba ameshiba. Watoto hupoteza maziwa na mayai kabla baba hajapoteza chai yake. Ada ya shule husubiri, dawa husubiri, na deni la duka hupanda katika daftari la mwenye duka. Familia inayoonekana kuimudu dhiki mara nyingi huwa inakopa kutoka kwa afya ya watoto wake na kutoka kwa siku zake za mbele.

Labda mtu wa mjini atadhani kwamba chakula kinapokuwa ghali, mkulima husherehekea. La hasha. Mkulima mdogo wa Trans Nzoia au Uasin Gishu, sehemu ambazo ni ghala la mahindi la Kenya, huuza mahindi yake mara tu baada ya mavuno, kwa sababu ana madeni na hana ghala. Miezi kadhaa baadaye, bei ikiwa juu, yeye mwenyewe ni mnunuzi wa unga. Mwaka 2022 mkulima huyo alitazama bei ya mbolea akalazimika kuchagua. Wapo waliopunguza eka za mahindi. Wapo waliotia nusu ya mbolea iliyotakiwa, na wapo waliorudia samadi ya zizini. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika nyanda za juu, waliposhindwa bei ya chakula cha viwandani, walipanda majani ya tembo zaidi, wakahifadhi mabua ya mahindi, wakauza ng'ombe mmoja ili kumlisha wa pili. Wafugaji wengi wadogo wa kuku walifunga mabanda. Kila uamuzi wa namna hiyo ulimsaidia mwenye shamba kuuvuka msimu, na kila mmoja ulipunguza chakula cha msimu uliofuata.

Mfugaji wa kaskazini ana elimu yake ya kale ya kupambana na ukame, na haifai kudharauliwa. Huligawa kundi lake, sehemu akaipeleka mbali kwa ndugu, sehemu akaibakiza karibu na nyumba kwa ajili ya maziwa. Huhama kufuata malisho. Huchanganya ng'ombe, mbuzi na ngamia, ili ugonjwa au ukame usimalize vyote. Katika Samburu, watu ambao tangu zamani walijulikana kwa ng'ombe wamezidi kufuga ngamia, kwa kuwa ngamia hustahimili kiu na huendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe amekwisha kukauka. Mbinu mpya nazo zimejaribiwa. Mwaka 2010 ulianzishwa huko Marsabit mpango wa bima ya mifugo unaotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho. Malisho yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, mwenye bima hulipwa. Ni msaada wa kweli kwa yule aliyeweza kulipa ada. Wengi hawakuweza.

Ipo mbinu nyingine ya kale ambayo si ya kusifiwa, nayo ni kwenda kuchukua kwa nguvu ng'ombe wa jirani. Zamani wizi huo ulifanywa kwa mkuki, ukajaza zizi lililotupu, na wazee wa pande mbili wakaweza kusuluhisha. Sasa hufanywa kwa bunduki za kisasa, na mara nyingi mifugo iliyoibiwa haiendi zizini kabisa, bali hupakiwa katika malori ikaenda kuuzwa kama nyama. Hapo bei kubwa ya nyama mjini hugeuka kuwa ujira wa mwizi porini. Mwezi Februari 2023, baada ya mauaji mengi ya raia na ya polisi, serikali ya Kenya iliwapeleka wanajeshi kuungana na polisi katika kaunti sita za bonde la kaskazini, nazo ni Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Haingekuwa kweli kusema kwamba ukame peke yake ndio ulioleta ujambazi huo. Ujambazi una wakubwa wake, wafadhili wake na historia yake. Lakini kijana aliyepoteza kundi lote la baba yake ni rahisi zaidi kuandikishwa na majambazi kuliko kijana mwenye ng'ombe wa kuchunga.

Serikali ya Kenya ilijaribu njia mbalimbali za kupunguza makali hayo, na kila njia ina somo lake. Mwezi Julai 2022, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu, ilitoa ruzuku ili pakiti ya kilo 2 ya unga iuzwe kwa shilingi 100 za Kenya. Ruzuku hiyo ilikuwa ya muda mfupi, iligharimu mabilioni ya shilingi, na katika maduka mengi unga wa bei hiyo haukuonekana. Serikali ya Rais William Ruto, iliyoingia madarakani mwezi Septemba mwaka huo, iliacha kumpa ruzuku mlaji ikaelekeza nguvu kwa mkulima. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ukauzwa kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 ukashushwa mpaka shilingi 2,500. Mvua nazo zikanyesha. Mavuno ya mahindi ya mwaka 2023 yalipita magunia milioni 40, ambayo ni mengi kuliko ya mwaka uliotangulia, na bei ya unga ikaanza kuteremka.

Hata hivyo njia hiyo nayo haikukosa mwiba. Mwaka 2024 ilibainika kwamba sehemu ya mbolea iliyowafikia wakulima chini ya mpango wa ruzuku haikuwa na ubora unaotakiwa. Mkulima aliyetia mbolea ya bandia hupoteza fedha, na pamoja nayo hupoteza mvua, jasho na msimu mzima. Anayeuza mbolea ya namna hiyo ni mwizi wa chakula ambacho bado hakijaota.

Njia ya tatu yafaa kutazamwa kwa makini zaidi na wanajeshi. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950 na yenye machinjio makubwa huko Athi River, ilikuwa imedhoofika kwa miaka mingi. Mwezi Septemba 2020 ilikabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Ukame ulipozidi, tume hiyo ilitumika kununua mifugo ya wafugaji kabla haijafa. Fikra yenyewe ni nyepesi. Ng'ombe atakayekufa baada ya mwezi mmoja hana thamani yoyote kwa mtu yeyote. Akinunuliwa leo, mfugaji hupata fedha ya kununua unga na ya kuwalisha ng'ombe wachache waliobaki, na nyama huliwa na watu badala ya fisi. Kasoro kubwa ya ununuzi wa namna hiyo ni kuchelewa. Uking'oja mpaka mizoga ionekane kando ya barabara, mfugaji amekwisha kuangamia. Jeshi, ambalo hufundishwa kwamba vita hushindwa au hupotea katika ugavi, linaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi.

Mjini nako subira ina mpaka wake. Mwezi Machi 2023 maandamano juu ya ugumu wa maisha yalianza katika Nairobi, na baadhi ya waandamanaji walibeba sufuria tupu. Mwezi Juni 2024 maandamano makubwa zaidi yalizuka kuhusu muswada wa kodi ambao, kabla ya kurekebishwa, ulikuwa umegusa hata mkate. Tarehe 25 Juni bunge lilivamiwa, wanajeshi wakaitwa kuwasaidia polisi, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Watu walipoteza maisha katika maandamano ya miaka yote miwili. Si kazi ya mazungumzo haya kuihukumu serikali ya nchi jirani wala wapinzani wake. Inatosha kusema kwamba sufuria tupu ilikuwa tupu jikoni kwa muda mrefu kabla ya kubebwa barabarani. Askari huitwa mwishoni kabisa, wakati njia nyingine zote zimekwisha kushindwa, na huulizwa swali ambalo bunduki haina jibu lake.

Basi askari wa Tanzania anayesikiliza au kusoma mazungumzo haya ana nini cha kujifunza? La kwanza ni kwamba yeye mwenyewe amesimama katika ncha zote mbili za bei. Mama yake kijijini huuza mahindi, na mkewe kambini hununua unga. Bei ikiwa ndogo mno, mama analia. Ikiwa kubwa mno, mke analia. Hawezi kumwona mkulima kuwa adui wa mlaji, wala mlaji kuwa adui wa mkulima, maana wote wawili humwita yeye mtoto au mume. Mwananchi aliyevaa sare hajaacha kuwa mwananchi.

La pili ni barabara. Ng'ombe, vitunguu na mahindi hupita katika vizuizi vingi kabla ya kufika sokoni. Shilingi inayodaiwa kizuizini pasipo stakabadhi haitoki katika mfuko wa dereva. Dereva huiongeza katika nauli, mwenye mzigo huiongeza katika bei, na mwenye bucha huiongeza katika kilo. Jioni mke wa yule yule aliyeidai barabarani huilipa dukani, pamoja na wake wa maaskari waaminifu na wajane wasio na mshahara wowote. Rushwa ya barabarani ni kodi inayotozwa juu ya sufuria ya kila mtu. Kinyume chake, askari anayelipisha lori kile tu ambacho sheria inataka, na kumzuia mwizi wa mifugo asipite, ameshusha bei ya chakula bila kutamka neno lolote la siasa.

La tatu ni mpaka. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, na malori yakakwama Namanga. Baada ya siku chache amri hiyo iliondolewa kwa masharti, na viongozi wa nchi hizo wakaendelea kuzungumza. Hofu ya sumukuvu si mchezo, kwani sumu hiyo huua. Lakini siku hizo chache zilitosha kuonyesha jinsi mkulima wa upande mmoja na mlaji wa upande wa pili wanavyotegemeana. Afisa wa mpakani anayepima kwa haki, akakataa kilicho kibovu na kupitisha kwa haraka kilicho safi, hulinda mikate ya mataifa mawili.

La nne ni jembe. Jeshi la Kujenga Taifa, tangu lilipoanzishwa mwaka 1963, limewafundisha vijana wake kwamba mikono inayoshika silaha huweza pia kushika jembe. Bustani ya mboga nyuma ya nyumba za kambi, banda la kuku, mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuhifadhiwa mbali na unyevu ni mambo madogo. Lakini familia iliyo nayo haitakuwa ya kwanza kukimbilia sokoni bei inapopanda, na kwa kutokimbilia huko humwachia nafasi yule asiye na shamba wala mshahara.

Wahenga walisema pia: adui mwombee njaa. Walijua kwamba njaa hubomoa ngome ambayo silaha zimeshindwa kuibomoa. Nchi inayoacha mfugaji wake apoteze kundi, mkulima wake atie mbolea ya bandia, na mama mwenye nyumba alipe zaidi kwa sababu ana kidogo, inajiombea yenyewe yale ambayo huombewa adui. Majirani wa Kenya wamelipia somo hilo kwa mifugo yao, kwa watoto wao na kwa damu. Wanaolinda amani ya Tanzania wamepewa somo hilo bure. Kazi yao ni kulitumia mapema, wakati sufuria zingali jikoni.